Acheni kuwapima watoto ukutani, AFL haina mwili mmoja

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya michezo iliyohusu vijana wetu wanaocheza mpira wa Kiaustralia, ile iliyosema bila kufika mita mbili na kilo mia hutoboi AFL, yaani ligi kuu ya mpira huo. Mimi naishi Melbourne, mwanangu anacheza na wikendi nasaidia pembeni ya uwanja kwenye timu ya watoto, kwa hiyo hii kitu naiona kwa macho. Tangu makala itoke wazazi wanatumiana kwenye magrupu ya WhatsApp, kuna waliomwambia mtoto wao aache maana hatakuwa mrefu, na kuna waliokwenda kumnunulia dogo wa miaka kumi na nne makopo ya unga wa protini. Ndo maana sikutaka kunyamaza.

Tuanze na medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu ambayo kura zake wanapiga waamuzi wenyewe. 2020 kachukua Lachie Neale wa Brisbane, ana kama sentimita 177. 2022 kachukua Patrick Cripps wa Carlton, 195. 2023 Neale tena. 2024 Cripps tena, na safari hiyo akapata kura 45 ambazo kwa mfumo wa kura wa sasa hakuna mtu aliyewahi kuzifikisha. Hawa wote wawili ni viungo, kazi yao ni ileile, kugombea mpira chini katikati ya kundi la watu na kuutoa, na kati yao kuna tofauti ya kama sentimita 18. Sasa niambieni hapo mwili sahihi ni upi. Cripps anasimama amekabwa na watu wawili watatu na mikono iko huru juu anapasia mwenzake, Neale ndo kwanza hakamatiki, kichwa kiko chini, miguu midogo ya haraka, mpira unamfikia mkononi kabla mtu hajageuka. Wote wamefika palepale kwa njia mbili tofauti kabisa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama huu mchezo nieleze kidogo, maana bila kuujua uwanja hutaelewa mwili. Uwanja ni wa mviringo kama yai na sheria inaruhusu urefu wa kuanzia mita 135 mpaka 185, hakuna ofsaidi, wachezaji 18 kila upande, mpira ukishaanza wanazunguka popote wanapotaka, robo nne za dakika 20 lakini saa inasimama simama kwa hiyo kila robo inakaribia nusu saa kwa saa ya ukutani. Kiungo anakimbia kilomita 12 mpaka 15 kwa mechi moja, na sio mbio za kujikongoja, ni kutimua, kusimama ghafla, kugeuka, kugongwa, kuinuka, kutimua tena. Alafu anatakiwa aruke adake mpira juu ya mtu, akae chini apambane na mtu, apige mpira kwa mguu mita 50. Mwili wa mkimbiaji wa marathoni utavunjwa pale, na mwili wa mbeba vyuma utaishiwa pumzi kabla ya mapumziko.

Ni kweli kuna nafasi moja ambayo urefu ni nusu ya kazi, na hapo siwezi kubisha. Ni raki, yule anayeruka kugombea mpira refa anapourusha katikati au pembeni. Aaron Sandilands wa Fremantle alikuwa na sentimita 211. Mason Cox, Mmarekani aliyekuwa anacheza basketi chuo cha Oklahoma State, naye 211, akaja Collingwood hajui hata mpira unashikwaje, mechi yake ya kwanza ikawa siku ya Anzac 2016, sikukuu ya kukumbuka wanajeshi, pale uwanja mkubwa wa MCG na shuti lake la kwanza likawa goli. 2018 kwenye nusu fainali dhidi ya Richmond, waliokuwa mabingwa watetezi, akadaka mipira ya juu robo ya pili kama vile hakuna mtu mwingine uwanjani na kufunga matatu, 2023 akapata ubingwa. Hizo sifa anastahili. Lakini angalieni ilivyomchukua muda, na angalieni pia kwamba marefu ya aina hiyo yapo machache sana kwenye klabu nzima, moja linacheza, mengine yanasubiri. Ukimlea mtoto wako awe raki tu umemchagulia mlango mwembamba kuliko yote.

Na hata hiyo raki yenyewe sio urefu mtupu. Max Gawn wa klabu ya Melbourne ana 208 au 209 hivi, lakini kinachomtofautisha na warefu wenzake ni kwamba anakimbia mechi nzima, anarudi nyuma kukata mipira, anapanda mbele kufunga, 2021 kwenye nusu fainali dhidi ya Geelong alifunga magoli matano akiwa nahodha na wiki mbili baadaye wakabeba kombe. Jim Stynes, kijana wa Dublin aliyekuja kutoka mpira wa Kiayalandi, alishinda Brownlow 1991 akiwa raki kwa sababu hiyohiyo, alikuwa na mapafu ya kiungo, na akacheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi ambayo haijavunjwa. Rudini nyuma zaidi mtamkuta Graham Farmer, wanamwita Polly, aliyejiunga na Geelong 1962, mpaka leo wazee wanamhesabu kati ya raki bora kuwahi kutokea. Alikuwa na sentimita 191. Yaani mfupi kuliko Cripps ambaye leo ni kiungo! Kwa hiyo hata "mrefu" yenyewe inahama kila kizazi, kipimo mnachomwekea mtoto leo hakuna anayejua kitakuwa na maana gani akifikisha miaka ishirini na tano.

Kitu kingine makala haikugusa ni kwamba sheria za mchezo ndo zinazochonga miili. Nitoe mfano wa raki hao hao. Zamani walikuwa wanatoka mbali wanakimbiliana na kugongana magoti hewani, mishipa ya nyuma ya goti ikawa inachanika ovyo, mpaka 2005 ligi ikachora duara la nje la mita 10 katikati ya uwanja ili wasipate mwendo mrefu wa kujitupa. Toka hapo mtu mzito mwenye nguvu ya kugonga akapungukiwa faida, mwenye kuruka vizuri akapata nafasi. Nic Naitanui wa West Coast, wazazi wake walitoka Fiji, sentimita 201, kwa raki hiyo sio kitu cha ajabu, lakini alikuwa anaruka kiasi kwamba waliomzidi urefu walikuwa wanainua macho kumwangalia.

Na mfano mkubwa zaidi ni sabu. Huu mchezo mtu anatoka na kurudi, anatoka na kurudi. Ilifika mahali timu inafanya sabu zaidi ya 120 kwenye mechi moja, mchezaji anatimua dakika chache anakimbilia benchi anavuta pumzi anarudi, na kwa mpira wa namna hiyo ungeweza kubeba misuli ya ziada maana ulikuwa hukai uwanjani ukachoka. 2014 ligi ikaweka kikomo cha 120, 2016 kikashuka 90, 2021 kikawa 75. Sasa kila kilo ambayo haikusaidii unaibeba mwenyewe, robo ya nne ndo utajua ulibeba nini. Wachezaji wengi wakapungua, wakawa wakavu, makocha wakaanza kutafuta watu wanaoweza kurudia mbio kali mara nyingi bila kushuka. Hilo ndo swali la mwili kwenye AFL ya leo: unaweza kurudia? Kilo mia za makala yenu kwa wachezaji wengi ni mzigo.

Mnakumbuka Israel Folau? Nyota wa ragbi ligi, miraba minne, karibu sentimita 194, anaruka kama ndege, Greater Western Sydney wakamchukua kwa pesa nyingi timu ilipokuwa inaanza 2012. Ukiangalia kwa macho tu huo ndo ulikuwa mwili mnaousema. Alicheza mechi 13 akafunga magoli mawili, akaondoka kwenda ragbi yuniani, ile aina nyingine ya ragbi, na huko akawaka vibaya sana. Mwili haukuwa mbaya, ulikuwa umejengwa kwa kazi nyingine. Karmichael Hunt naye alitoka ragbi ligi kwenda Gold Coast, huyu alivumilia, mechi 44, na 2012 pale Cairns akawafunga Richmond baada ya king'ora cha mwisho kulia. Lakini ilibidi ajifunze kukimbia upya, na mtu anayetoka ragbi akiingia huku kitu cha kwanza anachoambiwa ni kupunguza kilo, sio kuongeza.

Sasa nirudi kwa wafupi, maana hao ndo mliowaumiza zaidi. Tony Liberatore wa Footscray alikuwa na sentimita 163. Mia moja sitini na tatu! Na alishinda Brownlow 1990. Brent Harvey wa North Melbourne, wanamwita Boomer, kama 172, alicheza mechi 432 kwenye ligi inayogonga watu hivi, fikirieni hiyo miaka yote. Eddie Betts naye alikuwa mfupi, 174 hivi, alifunga magoli 640, mengine ya kutoka kona ambayo mpaka leo watoto wanayaigiza mazoezini, wakikosa wanarudi kujaribu tena. Na Caleb Daniel, huyu nampenda sana, sentimita 168, anavaa kofia ya kujikinga kichwa, 2014 klabu zikamwacha aende mpaka namba 46 kwenye drafti, ule utaratibu wa klabu kuchagua vijana kwa zamu, kwa sababu ya kimo tu, hakuna aliyekuwa anabishia mguu wake. Western Bulldogs wakamchukua, 2016 wakabeba ubingwa naye akiwa ndani, 2020 akaingia timu bora ya mwaka ya nchi nzima. Na alipofanikiwa zaidi unajua walimweka wapi? Nyuma, kwenye ulinzi, sehemu ambayo watu wote walidhani ni ya mapandikizi, kwa sababu akipata mpira mguu wake haukosei na shambulizi linaanzia kwake. Kocha aliangalia anachofanya na mpira, akatafuta pa kumweka. Neale mwenyewe niliyemtaja juu alikwenda namba 58 mwaka 2011. Watu 57 wakatangulia mbele ya mshindi wa Brownlow mbili.

Na sio mtu mmoja mmoja tu, hata timu nzima inaweza kujengwa hivyo. Richmond 2017 walikuwa na ukame wa ubingwa tangu 1980, wakaumaliza wakiwa na mshambuliaji mrefu mmoja tu wa kweli, Jack Riewoldt, waliomzunguka ni vijana wadogo wadogo wa mbio ambao kazi yao ilikuwa kumsumbua beki asipate hata sekunde ya kufikiri. Warefu wa Adelaide kwenye ile fainali walikuwa wanazidiwa na wafupi wanaokata kila kona. Baada ya hapo klabu nyingi zikaenda kutafuta wafupi wa mbio. Kwenye kikosi kilekile Dustin Martin alikuwa na 187 na kilo zaidi ya 90, kifua na bega la kusukuma mtu kwa mkono mmoja akaenda zake, na alishinda medali ya mchezaji bora wa fainali mara tatu, 2017, 2019 na 2020. Mzito na wepesi wakibeba kombe moja.

Sisemi urefu hauna faida. Mshambuliaji wa mbele kabisa na beki anayemkaba wanahitaji kimo na nguvu, Tony Lockett aliyeshikilia rekodi ya magoli 1,360 alikuwa jitu zito la kuogopesha, Lance Franklin aliyefikisha goli la elfu moja pale Sydney Machi 2022 anakaribia mita mbili. Lakini wawekeni hao wawili pembeni muone hata wao hawafanani, Lockett alikuwa wa mita chache za kwanza na kifua, Franklin alikuwa anaanzia mbali huko katikati na kukimbia mpaka golini mtu hamfikii. Kazi moja, miili miwili.

Sasa hapa ndo nataka nizungumzie watoto wetu hasa, wa familia zilizotoka Afrika, maana naona wanaumizwa pande zote mbili. Mtoto akiwa mwembamba mrefu kocha anamwona tu anamwambia wewe raki, miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, anawekwa katikati aruke. Hafundishwi kupiga mpira akiwa anakimbia, hafundishwi kuokota chini, hafundishwi kusoma mchezo, kazi yake ni kuruka. Alafu akifika kumi na saba wenzake wamemfikia urefu, wengine wamempita, na yeye hana kitu kingine anachojua. Nimeona vijana wameacha mchezo hivyo, na makocha wanasema eti hakukua. Alikua, ila hamkumfundisha. Na upande mwingine yule aliyechelewa kubalehe, mdogo, mwepesi, anakaa benchi mpaka anachoka, wakati mwili wake ulikuwa unasubiri tu miaka miwili. Umri wa vyeti ni mmoja lakini miili ya watoto wa miaka kumi na nne inaweza kupishana kabisa, mmoja ana ndevu mwingine sauti bado nyembamba, na hapo ndo watu wanatoa hukumu ya maisha.

Angalieni Aliir Aliir, alizaliwa Kakuma kule Kenya, familia ya Sudan Kusini, akakulia Australia. Ni mrefu kweli, kama 195, na Sydney walimchukua kwenye drafti ya 2013. Kilichomfanya awe staa sio kuruka kwenye raki, ni kusoma mpira ukiwa bado hewani, anaacha mtu wake anakwenda kuukata, Port Adelaide wakamjengea ulinzi wote kwenye hiyo akili na mwaka wake wa kwanza pale, 2021, akaingia timu bora ya mwaka. Majak Daw, mzaliwa wa Sudan wa kwanza kucheza ligi hii, alihangaika miaka mbele kwa sababu kila mtu aliona misuli na kuruka, 2018 North Melbourne wakamrudisha nyuma na ndo akacheza mpira wake bora. Mac Andrew naye aliingia Gold Coast namba tano ya drafti ya 2021 akiwa kimbaumbau kabisa, hakuna aliyemwambia rudi nyumbani ukanenepe kwanza. Hao wote mwili wao ulikuwepo tangu mwanzo, kilichokuwa kinatafutwa ni mahali pake.

Na hayo makopo ya protini na kunenepa kwa haraka, jamani wazazi. Essendon, moja ya klabu kubwa kabisa, iliendesha programu ya sindano kwa wachezaji wake msimu wa 2012, na Januari 2016 wachezaji 34, wa wakati huo na waliokuwa wamehama, wakafungiwa msimu mzima kwa kosa la dawa zilizokatazwa michezoni. Jobe Watson aliyekuwa nahodha akapoteza Brownlow yake ya 2012. Hao walikuwa watu wazima, wana madaktari na mawakili. Mtoto wako na yule jamaa wa jimu anayemuuzia vitu mtaani watakuwa wapi? Hata ligi yenyewe miaka ya karibuni imerudi nyuma kwenye ile tabia ya kuwabana vijana ngozi kwa koleo na kuhesabu milimita za mafuta, baada ya kelele nyingi kuhusu vijana na mabinti wanaoacha kula. Mabinti hasa, tangu ligi ya wanawake ianze 2017 wengi wameingia, na makala yenu haikuwataja hata kwa mstari mmoja. Erin Phillips alitoka basketi ya kulipwa, ana kama 173, na akawa mchezaji bora wa ligi 2017 na tena 2019, tena hiyo ya pili baada ya miaka mingi ya kucheza na akiwa na umri wa zaidi ya thelathini. Hakuna aliyemtafutia kilo.

Ukienda kwenye majaribio ya drafti utaona wanapima mbio za mita 20, kuruka wima, kukata kona, na mbio za kilomita mbili. Kimo wanaandika ndiyo, lakini mtoto hawezi kufanya mazoezi ya kimo, hizo nyingine zote anaweza. Mzazi akiniuliza leo afanye nini nitamwambia ampeleke mtoto akapige mpira kwa miguu yote miwili, kulia na kushoto, kila siku, maana viungo wengi wa kiwango cha chini wanajulikana kwa mguu mmoja. Ale vizuri, alale. Vyuma asubiri mtu anayejua kufundisha vijana. Na amuulize kocha kila baada ya wiki chache mtoto amecheza nafasi gani, akijibiwa ileile tangu msimu uanze aombe abadilishiwe, mrefu apelekwe pembeni ajifunze kukimbia na mpira, mfupi apelekwe nyuma ajifunze kuanzisha.

Kwenu Mhariri nina ombi moja tu. Mkiandika tena kuhusu hawa vijana, msianze na sentimita. Mwandishi wenu akae pembeni ya uwanja robo zote nne, ahesabu mtoto kagusa mpira mara ngapi, kaupeleka wapi, na robo ya nne bado alikuwa anakimbia au alikuwa ameshika kiuno.

Ni mimi mzazi na msomaji wenu,
Melbourne